Fundi Anajibu: Gari imepaki siku nne tu, betri haina moto

SWALI: Habari fundi. Nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, natumia Toyota IST. Kila nikienda Ukerewe kufuata mzigo gari naiacha nyumbani Pasiansi, nikirudi baada ya siku nne tano haiwaki, inalia ta-ta-ta-ta alafu taa za dashibodi zinafifia. Nikibustiwa inawaka na siku hiyo inatembea fresh tu. Nimeshanunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja na hii ya pili nayo ndo imeanza hivyo. Fundi mmoja kasema dainamo, mwingine kasema betri za siku hizi feki. Hela ya betri ya tatu sina, nisaidie. *Mama wa dagaa, Pasiansi*

JIBU: Pole sana mama, na tafadhali hiyo betri ya tatu usiinunue kwanza. Betri mbili kufa kwa staili ileile kwenye gari ileile, na ukibustiwa gari inatembea siku nzima bila shida, mimi mashaka yangu yako kwenye gari kabla ya betri. Kuna kitu kinakula moto wakati wewe uko kisiwani na funguo iko kwenye pochi.

Kila gari inakula moto kidogo ikiwa imezimwa, saa inatembea, alamu inasikiliza rimoti, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu, hiyo ni kawaida na kwa gari nyingi haizidi miliamp 50. Sasa chukua betri ya amp 45 kama NS60 (yaani inaweza kutoa amp moja kwa masaa 45), kwa miliamp 30 inapoteza chini ya amp moja kwa siku, ukikaa Ukerewe siku 10 ukirudi inawaka bila shida yoyote. Ila kikiwepo kitu kinachokula miliamp 400 hiyo ni karibu amp 10 kwa siku, siku ya tatu zaidi ya nusu ya betri imeshaondoka na siku ya nne ndo hiyo ta-ta-ta-ta yako. Miliamp 400 ni ndogo sana, hata taa ya buti yenye balbu ya kawaida inafika hapo na zaidi, kwahiyo usishangae kwamba huoni kitu chochote kimewaka.

Kabla hujamlipa mtu fanya jaribio moja ambalo ni la bure. Betri ichajiwe ijae kabisa kwenye chaja, iache itulie masaa kadhaa, ipimwe volti uandike, ikiwa nzima na imejaa itasoma 12.6 hivi. Siku unayoondoka chukua spana namba 10, fungua kichwa cha hasi peke yake, kiweke pembeni kisiguse betri, funga mlango kwa funguo ya mkono maana rimoti haitafanya kazi, nenda Nansio. Ukirudi pima tena kabla hujarudisha hasi. Ikisoma 12.5 kwenda juu basi betri yako ni nzima na mwizi wa moto yuko kwenye gari. Ikiwa imeshuka mpaka 12.2 au chini wakati haijaunganishwa na kitu chochote basi betri yenyewe imeshaharibika ndani, na hapo usimlaumu aliyekuuzia moja kwa moja, kwasababu betri ya gari ikiishiwa kabisa mara kadhaa na kukaa hivyo bila chaji, sahani zake zinaganda salfeti na haibebi tena moto wake wote hata kama ilikuwa mpya miezi sita iliyopita. Ndo maana nasema ukinunua ya tatu bila kutafuta mwizi itakufa nayo.

Sasa kumtafuta. Hujaniambia kama umefunga redio ya skrini kubwa, hizi za Android, lakini kama ipo anza na hiyo kabla ya kitu kingine. Nyuma ya redio kuna waya wa njano ambao unatakiwa uwe na moto muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu ambao unatakiwa upate moto pale tu unapozungusha funguo. Mafundi wengi wakikosa moto wa funguo wanasokota njano na nyekundu pamoja wanazungushia selotepu, redio inaimba, mteja anafurahi analipa anaondoka, kumbe redio haijui tena kwamba gari imezimwa, skrini inaweza kuwa nyeusi na ndani bado inakula. Mwambie fundi aitoe redio mbele ya macho yako uangalie hizo waya mbili. Zingine za kuangalia ni amplifaya ya muziki, alamu iliyofungwa mtaani, tracker, yaani kifaa cha kufuatilia gari ilipo (kama gari ni ya mkopo huenda iko chini ya dashibodi bila wewe kujua), taa ya buti na ile ya kisanduku cha dashibodi.

Ukimpata fundi umeme mwenye multimita asikisie, apime. Anafungua hasi, anaweka mita kati ya kichwa cha betri na ule waya wa hasi, kwenye tundu la amp 10, milango imefungwa au ile komeo ya mlango imesukumwa kwa bisibisi ili gari ijue imefungwa. Alafu ASUBIRI nusu saa. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanaunganisha mita inasoma amp 2 wanapiga kelele tumempata, kumbe kompyuta za gari zilikuwa hazijalala. Na mtu asizungushe funguo mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita inaungua. Namba ikitulia juu ya miliamp 50 ndo achomoe fyuzi moja moja, ile ambayo ukiichomoa namba inadondoka ndo njia anayopita mwizi. Zikichomolewa zote na namba haijashuka, hapo ndo yule fundi wa dainamo anaweza kuwa sahihi, diodi ya ndani ya dainamo (kipande kinachoruhusu moto upite upande mmoja tu) ikifa inarudisha moto wa betri kinyumenyume gari ikiwa imezimwa, hata kama mchana inachaji vizuri. Kuangalia kama dainamo inachaji ni rahisi, injini ikiwa inaunguruma betri isome volti kati ya 13.8 na 14.7.

Wakati unatafuta, kila safari ya kisiwani toa hasi. Saa ya gari itapotea na stesheni za redio utazitafuta upya, ni usumbufu mdogo sana ukilinganisha na bei ya betri.

SWALI: Kaka, nilikuwa foleni ya kivuko Kamanga, nikazima injini nikaacha redio na feni, muda wa kupanda gari haiwaki. Vijana wakasukuma weee haikuwaka, ni otomatiki. Na gia ilikataa kutoka P mwanzoni. *Msomaji, Sengerema*

JIBU: Otomatiki haiwaki kwa kusukuma ndugu yangu, hata wasukume mpaka Geita. Pampu ya oili ya gia inazungushwa na injini, injini ikiwa imelala hakuna presha, tairi zinazunguka peke yake bila kuigusa injini. Dawa ni kubusti tu: waya nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, alafu chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ule mwisho wa nyeusi usibane kwenye betri yako, bana kwenye chuma tupu cha injini mbali kidogo, kwasababu betri inatoa hewa inayolipuka kwa cheche. Gari yenye betri nzima iache inaunguruma dakika chache ndo upige stata ya kwako. Ya gia, Toyota nyingi zina kitundu au kitufe pembeni ya gia kimeandikwa SHIFT LOCK, kanyaga breki, bonyeza hapo kwa ncha ya funguo huku unavuta gia iende N. Foleni ukizima injini zima na feni.

SWALI: Maji ya betri yakipungua naweza kuweka maji ya ziwa? Ziwa letu halina chumvi kama bahari. *Kijana wa Igoma*

JIBU: Hapana, wala ya bomba. Si chumvi tu, maji ya ziwa yana madini na uchafu mwingine unaobaki kwenye sahani kila maji yanapokauka na kuzila taratibu. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, chupa yake haina bei, jaza mpaka yafunike sahani kwa sentimita moja hivi au kwenye mstari kama upo, usifike mdomoni. Na akikuambia fundi anakuongezea asidi mkatalie, kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki humo humo, labda kama betri ilipinduka ikamwagika.