Maswali na Majibu: Kivinjari Kipi, na kwa Kazi Gani?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti: Chrome, Opera na wenzao. Mengine nimeyajibu kwa mkato kwa kuwa hayana mengi. Mawili matatu yalihitaji nafasi zaidi.

*Natumia simu ya RAM GB 2 na bando la wiki. Shoga yangu ananiambia Opera Mini inakula kidogo kuliko Chrome. Ni kweli au maneno ya mtaani? (Mama lishe, Morogoro)*

Ni kweli, mama, ila ni vizuri ujue inaokoaje. Opera Mini ilisambaa duniani mwaka 2006, enzi za simu za vitufe, na mpaka leo ukiiweka kwenye kiwango cha juu kabisa cha kuokoa data haiendi yenyewe kwenye tovuti. Ombi lako linapita kwanza kwenye seva za Opera, yaani kompyuta zao za mbali. Seva ndiyo inayofungua ukurasa, inazibana picha, inapunguza mazagazaga, halafu inakuletea kilichobaki. Ukurasa mzito wa gazeti unakufikia ukiwa sehemu ndogo tu ya uzito wake. Chrome ya simu nayo ilikuwa na huduma inayofanana na hiyo, lakini Google waliiondoa mwaka 2022.

Sasa, seva haiwezi kuubana ukurasa bila kuusoma. Kwa kawaida tovuti yenye anwani inayoanza na https inasomana na simu yako tu. Aliye katikati haoni kilichomo. Kwenye kiwango kile cha juu mnakuwa watatu, na Opera wenyewe hawajalificha hilo. Kusoma habari, kuangalia msimamo wa ligi au kutafuta bei ya mahindi, endelea bila wasiwasi. Ukitaka kuingia benki, barua pepe au popote panapodai nenosiri, shusha kiwango cha kuokoa data au fungua Chrome.

Fomu nazo zina vituko vyake humo. Unajaza kila kitu, unabonyeza "Tuma", kimya. Orodha ya mikoa haifunguki, ramani inabaki kisanduku cheupe. Simu yako haina ubaya wowote: vitufe hivyo vinategemea JavaScript, maelekezo yanayoendesha ukurasa, ifanye kazi hapohapo kwenye simu, na wewe umeletewa ukurasa uliokwisha kutengenezwa kwingine.

Na kama bando linaishia TikTok na video za kwenye magrupu ya WhatsApp, hakuna kivinjari kitakachokuokoa. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, umwone mlaji mwenyewe kabla hujaisingizia Chrome.

*Simu yangu inaleta ujumbe kila baada ya dakika chache: "Simu yako ina virusi", mara "Umeshinda zawadi". Nimefuta programu nyingi lakini bado. Niiflashi? (Kijana, Tabora)*

Usiiflashi. Mara nyingi hao si virusi, ni ruhusa uliyoitoa mwenyewe bila kujua. Ulikuwa unatafuta muvi au matokeo ya mechi, tovuti ikakwambia bonyeza "Ruhusu" uthibitishe kwamba wewe si roboti. Ulichoruhusu ni tovuti hiyo kukutumia arifa muda wowote, hata ukiwa umeifunga.

Arifa nyingine ikija usiibonyeze. Iburute chini kidogo usome maandishi madogo: utaona jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma. Kisha ingia Chrome, gusa nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, na nina hakika nyingine hutazikumbuka. Zizuie moja baada ya nyingine. Kama jina linaloonekana ni la kivinjari kilichokuja na simu, mambo ni yaleyale, ila kuna vinavyotuma habari za udaku na matangazo kwa hiari yao wenyewe. Hivyo vizimie arifa zote kupitia mipangilio ya simu. Kama simu inakuruhusu kuvizima kabisa, vizime.

*Nimeweka Chrome kwenye iPhone nikitarajia kasi, sioni tofauti na Safari. (Mombasa)*

Hutaiona. Apple wanataka kila kivinjari cha iPhone kitumie injini yao ya WebKit, yaani sehemu ya ndani inayougeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaouona, ileile ya Safari. Ni kwenye nchi chache tu ambako walilegeza, wakianza na za Umoja wa Ulaya mwaka 2024, na hapo walisukumwa na sheria. Faida ya Chrome kwenye iPhone ni kuzipata alamisho na nywila ulizohifadhi kwenye kompyuta. Kama kompyuta yako haina Chrome, baki na Safari.

*Nina stesheneri yenye kompyuta tatu za Windows 7. Chrome imegoma kusasishwa na tovuti nyingine zinafunguka vipande vipande. Wateja wangu wengi wanakuja kujaza fomu. Nibadili kivinjari au kompyuta? (Kahama)*

Anza na kivinjari, kwa sababu ni bure. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023, na Edge, kivinjari cha Microsoft, iliishia toleo hilohilo. Aliyewavumilia wenye mashine za zamani ni Firefox: toleo lake la ESR 115, la Julai 2023, ndilo la mwisho kwa Windows 7, na liliendelea kupewa marekebisho ya usalama kwa muda mrefu baada ya wenzake kuondoka. Liweke leo, ukijua kwamba umenunua muda tu. Windows 7 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020.

Kama mashine zina RAM GB 4, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kwa kutumia flashi, bila kufuta chochote. Fomu zitafunguka kwenye Firefox mpya kama kwenye kompyuta nyingine yoyote. Ila unganisha printa na skana yako uone kama zinakubali kabla hujaiaga Windows. Kivinjari kikigoma mteja anasubiri. Printa ikigoma mteja anavuka barabara kwa jirani yako.

Kuna jingine hukuliuliza nami nitakujibu. Mteja akimaliza fomu, akaunti yake inabaki wazi kwenye mashine yako. Mashine itakayopata Chrome mpya, gusa duara la wasifu juu kulia, fungua dirisha la Mgeni kwa kila mteja. Akilifunga, historia na akaunti vinaondoka naye. Kwenye Firefox tumia dirisha la faragha. Pia zima lile ombi la kuhifadhi nenosiri.

Lakini dirisha la Mgeni haliondoi mafaili yaliyopakuliwa. Fungua folda ya Downloads ya stesheneri yoyote uone: cheti cha kuzaliwa, cheti (1), cheti (2), kitambulisho mbele na nyuma, CV za watu waliopita hapo mwaka juzi. Mteja anayefuata akibonyeza "Pakia faili", hiyo ndiyo folda inayofunguka mbele yake. Isafishe kila jioni kabla hujafunga mlango, na Recycle Bin pia.

*Nikitumia hali fiche ofisini, bosi anaona ninachofungua? (Dodoma)*

Anaweza kuona. Hali fiche (Incognito) inasahau upande wa kompyuta uliyokalia tu: historia haihifadhiwi, vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari, vinafutwa ukifunga. Mtandao wa ofisi, kampuni ya simu na tovuti yenyewe wanaona kama kawaida. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 na watumiaji waliodai kwamba taarifa zao zilikusanywa hata wakiwa ndani ya hali hiyo, na mwaka 2024 wakakubali kufuta rundo kubwa la taarifa hizo. Kama kompyuta ni ya ofisi, ya binafsi yafanyie kwenye simu yako, kwa bando lako.

*Chrome imenizimia uBlock Origin, sasa matangazo yamerudi. Nihamie Edge, Opera, Brave au Firefox? Na kwa nini wamefanya hivyo? (Mwanafunzi, Kampala)*

Chrome ilibadilisha kanuni za viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari kama hiyo uBlock Origin ya kuzuia matangazo, kwenye mpango unaoitwa Manifest V3, na viendelezi haviwezi tena kuzuia matangazo kwa uhuru wa zamani. Google wanasema ni kwa ajili ya usalama na kasi. Kampuni inayoishi kwa matangazo ikisema hivyo, mimi nasikiliza kwa sikio moja. Ipo uBlock Origin Lite inayokubalika kwenye Chrome mpya. Kwa watu wengi inatosha, ila nguvu zake ni pungufu.

Edge, Opera na Brave vyote vimejengwa juu ya Chromium, mzizi uleule wa Chrome. Opera waliacha injini yao mwaka 2013, na Edge ikafuata Januari 2020. Edge inasoma PDF vizuri na inakusomea ukurasa kwa sauti, ila haichoki kukusukumia Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft. "VPN" ya bure ya Opera kwenye kompyuta, ya kuficha mtandao unaotumia, inafunika kivinjari chenyewe tu, si programu nyingine. Brave ina kizuia matangazo chake cha ndani kisichotegemea kiendelezi, kwa hiyo mabadiliko hayo hayajaigusa sana. Mambo yake ya sarafu za kidijitali yazime uendelee na kazi.

Mimi ningekupeleka Firefox. Ina injini yake, uBlock Origin kamili inafanya kazi, hata kwenye simu ya Android, jambo ambalo Chrome ya simu haijawahi kuruhusu. Kasoro zake? Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, inatoka Google, wanaolipa ili wawe injini ya utafutaji ya kuanzia, kwa hiyo uhuru wake una mlipaji. Pia baadhi ya watengeneza tovuti hujaribu kazi zao kwenye Chrome peke yake. Ukikuta tovuti ya chuo imevurugika, zima kwanza uBlock kwa tovuti hiyo. Ikiendelea kugoma ifungue kwenye Edge, maliza shughuli yako, rudi Firefox.