Mitufaha iliyoguguniwa gome chini ya theluji: niliyojifunza kwa hasara

Ndugu, umeeleza kwamba mitufaha miwili uliyoipanda nyuma ya nyumba huko Minnesota ilionekana salama majira yote ya baridi, lakini theluji ilipoyeyuka juma hili la Aprili ukakuta gome limeguguniwa karibu na ardhi, nawe unauliza kama dawa ya panya itafaa kabla ya baridi ijayo. Ninaishi jimbo hilohilo, na yaliyokupata yalinipata katika baridi yangu ya pili hapa, nilipopoteza miti mitatu kati ya minne.

Mharibifu huyo si panya wa jikoni. Ni panya wa majani, mnene, mwenye mkia mfupi, na halali usingizi wa baridi kama wanyama wengine wa huku. Theluji kwake ni paa: huchimba njia chini yake, akiwa amejificha asionwe na bundi wala mbweha, na majani yakimpungukia huhamia kwenye gome laini la mti mchanga. Ndiyo maana hukuona lolote mpaka sasa. Siku niliyoinama kuutazama mti wangu wa Honeycrisp, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, shina lilikuwa jeupe kama muhogo uliomenywa, lina alama nyembamba za meno zilizopishana ovyo, na vijia vya nyasi zilizolala vilielekea pale pale shinani. Kama ungekuta vijitawi vya juu vimekatwa mshazari, safi kama kwa kisu, ningekwambia ni sungura.

Kosa langu lilikuwa la kizembe. Nilikuwa nimezungushia mashina plastiki nyeupe ya dukani, nikaiacha vidole viwili juu ya ardhi, kisha nikarundika matandazo ya vipande vya mbao mpaka shinani. Panya waliingia kwa chini, wakala wakiwa ndani, wamekingwa na upepo kwa gharama yangu.

Tangu hapo natumia wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, kwa kuwa ule wa kufugia kuku wanapenya bila shida. Naukunja uwe kama pipa lisilogusa shina, naufukia sentimita 5 hadi 8, na kazi hiyo naimaliza Oktoba, kabla ardhi haijaganda ikagoma kuchimbika. Matandazo nayavuta mbali na shina, na nyasi nazikata fupi hadi mwisho wa msimu. Kuhusu urefu, usipime kutoka ardhini. Wavu wangu wa kwanza ulikuwa wa sentimita 60. Theluji ikajaa, sungura akasimama juu yake kama juu ya kigoda, akala matawi kwa raha zake. Sasa pima kuanzia pale theluji inapofika kwako, kisha ongeza nusu mita. Theluji nzito ikianguka, ikanyagekanyage kuzunguka mti ili njia zao zizibe. Wanangu hawasubiri kuombwa mara mbili.

Dawa ya panya siishauri, kwa sababu bundi au mbwa akimla panya aliyekufa kwa sumu anaweza kudhurika naye. Wakizidi, tega mtego wa kubana wenye siagi ya karanga, uukingamishe kwenye kijia chao na kuufunika kwa sanduku ili ndege wasinaswe.

Lililo la haraka ni miti uliyonayo. Ikiwa gome limeliwa upande mmoja tu, mti una nafasi nzuri ya kujiponya. Likiwa limeliwa kuzunguka shina lote, usidanganywe na majani yatakayochipua: maji bado yanapanda kupitia mbao iliyo chini ya gome, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa gome la ndani, na mizizi isipokipata hufa njaa taratibu. Mti wangu wa nne niliuokoa kwa kuubebesha daraja, yaani vijiti vya mtufaha vilivyokatwa kabla ya kuamka, vikachomekwa chini ya gome zima juu na chini ya jeraha, kila sentimita 5, ncha ya chini ikibaki chini, vikashikizwa kwa misumari midogo na kuzibwa kwa nta. Kazi yenyewe hufanyika gome linapoanza kubanduka kwa urahisi, kwa hiyo siku bado unazo. Lakini vijiti vitafute leo kwenye mti ambao haujachipua, uvifunge kwa kitambaa chenye unyevu na kuviweka kwenye friji, mbali na matunda.