Maswali ya Wasomaji: Mlo na Maisha Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 43, nauza vitenge hapa Moshi. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo jijini Dar es Salaam, ule wa kukata sehemu kubwa na kubakiza tumbo jembamba. Uzito unashuka na sukari imetulia, lakini mezani nateseka. Nikila machalari, tonge la tatu linakwama kifuani, mdomo unajaa mate na mara nyingine narudisha povu. Nywele zinatoka kila ninapochana. Tukipanda Kibosho, mama mkwe hunipikia mtori, na nisipomaliza bakuli anaona nimemdharau. Majirani nao wanaunong'onea wembamba wangu. Desemba nyumba itajaa watu. Nifanyeje?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa yote hayo. Nianze na hilo la kukwama, kwa sababu humo ndimo hatari inapoweza kujificha. Katika upasuaji wa aina yako daktari huondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya tumbo, na kinachobaki ni mrija mwembamba ambao katika miezi ya mwanzo hujazwa na chakula cha nusu kikombe cha chai au zaidi kidogo. Tumbo la zamani liliweza kupokea tonge lisilotafunwa vizuri na kulisaga polepole. Hili la sasa halina nafasi hiyo. Tonge likiwa kubwa au kavu, au likifuatwa upesi na jingine, husimama penye wembamba, na mwili hutoa mate mengi yenye ute ili kulisukuma. Povu unalorudisha ni mate hayo.

Dawa yake ya kwanza ni namna ya kula. Mfanyabiashara wa sokoni mara nyingi hula akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kijiko na mwingine unakunja kitenge cha mteja, na hilo ndilo unalopaswa kuliacha. Keti. Pakua chakula chako kwenye kisahani cha chai na utumie kijiko cha chai, tafuna mpaka kisibaki kipande kinachoweza kuhisiwa na ulimi, kisha weka kijiko chini kabla ya kuchota tena. Mlo mdogo hivyo unastahili dakika 20 hadi 30. Alama ya kushiba nayo imebadilika: badala ya tumbo kujaa, utasikia mgandamizo chini ya chembe ya moyo, au utapata kwikwi, chafya au mafua ya ghafla. Hapo simama, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Usinywe maji wakati wa kula, wala katika nusu saa inayofuata. Lita moja na nusu unayohitaji kwa siku ipate kwa mafunda madogo kati ya mlo na mlo.

Ukifanya hayo yote na bado unatapika kila siku, au hata maji yanagoma kupita, usisubiri tarehe ya kliniki. Tumbo linaweza kuwa limebana au kujikunja mahali, jambo ambalo daktari hulichunguza kwa kamera ya kupitishwa kooni na mara nyingi hulitibu kwa kupanua sehemu hiyo. Kuna jambo jingine ambalo naomba familia yako nayo ilijue. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na mtu anayetapika mfululizo anaweza kuimaliza kabla hajaonekana kudhoofu. Ikiisha, macho huanza kuona vitu viwili viwili, miguu hupepesuka na akili huchanganyikiwa, na madhara hayo yanaweza kuwa ya kudumu. Kwa hiyo, ukifikishwa KCMC au hospitali nyingine yoyote kwa kutapika, anayekusindikiza aseme mapema kwamba ulipasuliwa tumbo, ili upewe vitamini hiyo kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi. Dripu yenye sukari ikitangulia, inaweza kulizidisha tatizo.

Sasa tuje kwenye bakuli la mtori, na hapa nitasema neno ambalo baadhi ya wasomaji wa Kilimanjaro hawatalipenda. Mtori una heshima yake, na mama mkwe wako anakupikia kwa upendo uleule anaopikiwa mzazi aliyetoka kujifungua. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bakuli hilo ni ndizi, na tumbo la nusu kikombe likishajazwa ndizi halina tena mahali pa kuweka protini inayoulinda msuli wako usiyeyuke pamoja na mafuta. Tena mtori unateleza. Chakula kinachoteleza hakikwami, hivyo mtu hukipenda, huongeza kidogo baada ya saa moja na kidogo tena baadaye, na kwa njia hiyo hiyo ya mtori, uji wa sukari na aiskrimu watu wengi wamerudisha kilo walizozipunguza kwa kisu.

Mtu wa hali yako anahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na hazihitaji unga wa bei kubwa wa kwenye makopo. Yai moja lina gramu 6. Vikombe viwili vya maziwa au mtindi usio na sukari vina gramu 16 hivi. Samaki aliyechemshwa, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, ana gramu 20, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva sana ina gramu 7, na kipande kidogo cha kuku kilichochambuliwa hukupa takribani 13. Hapo umefika 62, ukiwa umekula mara tano au sita kidogo kidogo. Kila unapokula, anza na protini, fuata na mboga, na ndizi iwe ya mwisho, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kama bado nafasi ipo. Kwa mama mkwe, mwombe apike mtori wenye nyama nyingi iliyosagwa laini na ndizi chache, nawe uupokee katika kikombe kidogo. Ugali, wali mkavu, mkate mlaini unaogeuka donge na nyama ya kuchoma iliyokauka ndivyo vinavyokwamisha watu wengi zaidi, kwa hiyo viache mpaka utakapokuwa umezoea kutafuna.

Kuhusu Desemba, sioni sababu ya kungoja mpaka mbele ya wageni. Mume wako ndiye wa kwenda kuzungumza na mama yake mapema, nyumbani, bila haraka, amweleze kwamba mke wake amepasuliwa na kwamba tonge la kulazimishwa linaweza kumfikisha hospitali. Maneno hayo yakitoka kwa mwanawe hayatasikika kama dharau ya mkwe. Siku ya ndafu, omba nyama ya paja isiyo na mafuta, ichambue nyuzi nyuzi na uiloweshe kwenye mchuzi. Mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kukuchafua tumbo. Na kwa kuwa kupungua haraka huweza kutengeneza mawe kwenye mfuko wa nyongo, maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula mafuta yasichukuliwe kuwa ni gesi. Mbege nayo ipokee kwa mikono miwili, iguse mdomoni na uipitishe kwa jirani. Baada ya upasuaji kama wako, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi kuliko zamani, na kiasi kilichokuwa cha kuchangamsha kinaweza kukulewesha kabisa.

Nywele hutoka kwa watu wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa sababu mwili ulioshtuka huzipumzisha nyingi kwa wakati mmoja. Huota tena, mradi protini, madini ya chuma na zinki vinatosha. Hapa niulize: je, unameza vitamini zako kila siku? Hizo ni za maisha yote. Kalisiamu na madini ya chuma zisimezwe pamoja, ziachanishwe kwa saa mbili au zaidi, na chuma kisimezwe na chai wala kahawa, kwani vinywaji hivyo huzuia kisifyonzwe. Vitamini B12 huhitaji vidonge vyenye dozi kubwa au sindano. Kipimo cha damu kifanyike mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka; wewe ni wa mwezi wa nne, kwa hiyo kama hujapima, nenda wiki hii.

Na majirani? Najua kwetu mtu akipungua haraka maneno huanza, na najua ugonjwa unaotajwa kwanza. Huna deni la kumwonyesha mtu yeyote cheti chako. Chagua wawili au watatu unaowaamini, waambie ukweli wote, nao watakuwa watu wa kukaa nawe mezani bila kuhesabu matonge yako. Wengine waambie kwamba uko chini ya uangalizi wa daktari na unaendelea vizuri, maana huo nao ni ukweli. Ikiwa maneno hayo yanakunyima usingizi au yanakufanya uchukie kula, mwambie daktari wako kwa uwazi uleule unaomweleza habari za tumbo, kwa sababu huzuni baada ya upasuaji huu hutokea na hutibika.

SWALI: Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina, Arusha. Nilifanyiwa upasuaji wa baipasi ya tumbo nchini India mwaka jana ili kupunguza uzito. Asubuhi tukielekea Ngorongoro husimama Makuyuni nikanywa chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili. Baada ya robo saa moyo unakwenda mbio, natoka jasho na tumbo linasokota. Siku nyingine hali hiyo haitokei, lakini baada ya saa mbili natetemeka na macho yanaingia ukungu. Mgongo nao unauma, natumia diklofenaki.
Dereva, Sakina

JIBU: Kaka, barua yako imenitia wasiwasi, kwa kuwa unabeba roho za watu. Baipasi hubakiza kifuko cha tumbo cha takribani mililita 30, sawa na vijiko viwili vya chakula, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Sukari ya chai na ya andazi huingia humo kwa mkupuo na kuvuta maji kutoka kwenye damu, na ndiyo maana katika robo saa ya kwanza tumbo husokota na moyo hukimbia. Lile la baada ya saa mbili ni jambo tofauti: sukari iliyoingia ghafla imeuamsha mwili kutoa insulini nyingi, nayo imeishusha sukari ya damu chini ya kiwango. Ukungu wa macho ukikukuta kwenye usukani, egesha gari, kunywa sukari kidogo, fuatisha yai au karanga ulizotafuna vizuri, na usiondoke mpaka hali itulie kabisa.

Ili lisitokee, chai iwe bila sukari na maandazi yaache. Ondoka nyumbani na mayai mawili ya kuchemsha na chupa ya mtindi usiotiwa sukari, ule kidogo kila baada ya saa tatu. Ikiwa bado unatumia dawa za kisukari ulizokuwa nazo kabla ya upasuaji, mwone daktari kabla ya safari nyingine, kwa maana dozi ya mwili wa zamani inaweza kukuangusha.

Diklofenaki iache leo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huweza kutoboa kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Kwa mgongo tumia parasetamo kwa kipimo, na kila unapoingia duka la dawa anza kwa kusema una baipasi. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nina miaka 29, nilipasuliwa tumbo miezi sita iliyopita. Wakwe wanauliza mtoto. Je, naweza kushika mimba sasa?
Dada wa Kijenge, Arusha

JIBU: Subiri, dada. Ushauri wa kawaida ni miezi 12 hadi 18 tangu siku ya upasuaji, kwa kuwa sasa mwili wako bado unapungua na mtoto angegawana nawe kidogo ulichonacho. Jihadhari, maana uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyehangaika kwa miaka. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri, hasa kwa wenye baipasi au wanaotapika; kijiti au kitanzi ni salama zaidi.

Wakati ukifika, pima damu kwanza, anza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, na umwonyeshe daktari chupa ya vitamini zako, kwa sababu vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni. Kliniki ya wajawazito ikikuandikia kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi, mwambie muuguzi kuhusu upasuaji wako kabla ya kukinywa. Kinaweza kukuletea jasho na mapigo ya moyo kama ya kaka wa Sakina, na badala yake unaweza kupimwa sukari kwa kuchomwa kidole, kabla na baada ya kula, kwa muda wa wiki moja.