Nimejisajili SHA, mbona hospitali inasema sijalipa?

Swali: Mimi ni mama mboga hapa Nakuru. Nilijisajili SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, kwa *147# na ujumbe ukaja. Mume wangu amelazwa hospitali ya level 5, tunaambiwa hatujalipia, na hawamruhusu atoke kabla ya bili kulipwa. Kijana wa saiba (duka la intaneti) anadai elfu mbili atubadilishie majibu ya usajili na kutuwekea malipo ya nyuma. Nimpe?

Jibu: Usimpe hata shilingi, mama.

Swali hili linanifikia kila mara, na chanzo ni kile kile: watu wameaminishwa kwamba ujumbe wa usajili ndio bima. Siyo. Usajili ni bure, na unakufungulia zahanati na vituo vya afya, level 2 na 3. Kulazwa hospitali kubwa hulipiwa na SHIF, mfuko wa bima ulio chini ya SHA, na SHIF ni ya waliochanga. Mwenye mwajiri hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla hajauona. Wewe huulizwa habari za paa, choo na mifugo, unakadiriwa kipato, kisha unatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa anayehesabu faida ya sukuma jioni kwa jioni, kanuni hiyo ni mbovu, na walioiandika wanajua. Lakini haifutiwi saiba.

Kuhusu kuzuiliwa: mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya kina mama waliofungiwa Pumwani, iliamua kwamba kumshikilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Deni linabaki, na hospitali inaweza kukushtaki kama mdai mwingine yeyote. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini, omba kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo, kisha uliza, kwa maandishi, ni nani aliyeamuru azuiliwe. Mara nyingi hakuna anayetaka kuweka sahihi hapo.

Nirudi kwa hawa madalali. Wanajaza nyumba ya udongo pale penye ya mawe, wanakopesha watu vitambulisho vya shangazi zao, na taarifa hizo za uongo zinabaki kwa jina lako, wao wakiwa wamehamia mtaa mwingine. Mchango ulipwe kwa *147# hiyo hiyo. Mkupuo ukikushinda, ulizia Lipa SHA Pole Pole. Na mtu akikuomba nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako, hata akiwa amevaa beji, mkatalie.