Mpira wa maji taka umeunganishwa? Sasa funga valvu ya choo

Kempa, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, ikishaegeshwa, umeme ukachomekwa, mpira wa maji safi ukafungwa bombani na mpira wa maji taka ukaingizwa kwenye chemba, karibu kila dereva hufanya jambo lilelile: huvuta mpini wa valvu ya tanki la choo, akauacha wazi, kisha akaenda kutafuta samaki aina ya migebuka wa kuchoma. Ukimuuliza, anayo sababu. Nyumbani choo kimeungana na shimo moja kwa moja na hakuna anayefunga wala kufungua kitu. Kwa nini hapa iwe tofauti?

Ni tofauti kwa sababu ya tanki. Mimi nasimamia kiwanja cha kambi hapa Kigoma, upande wa ziwani, na harufu inapoanza ni mimi ninayeitwa. Kwa hiyo nimelazimika kujifunza magari haya yanavyofanya kazi huko chini kulikofichika.

Choo cha nyumbani kinasukuma lita sita, wakati mwingine tisa, kwa mkupuo mmoja, na bomba lake lina mteremko. Choo cha kempa kinabana maji. Unakanyaga pedeli, inamwagika lita moja au pungufu, na kila kitu kinadondoka wima ndani ya tanki lenye sakafu bapa. Valvu ikiwa wazi, maji hayo machache yanatiririka yakaenda zao. Kinyesi na karatasi vinabaki pale pale vilipoangukia. Kesho vinaongezeka juu yake, keshokutwa tena, na kwa joto letu hili vinakauka. Baada ya wiki kuna kichuguu chini ya choo, kimeshikamana, na ukimimina ndoo ya maji yanakizunguka tu yakatoka.

Kwa hiyo valvu ya choo inakaa imefungwa, hata kama mpira umeunganishwa na chemba iko mita moja kutoka hapo. Uiache hadi tanki lifike theluthi mbili au zaidi, kisha uifungue yote kwa mkupuo. Uzito wa maji yale ndio unaobeba uchafu. Bila maji mengi hakuna kinachobebwa. Kama unaondoka kesho na tanki liko nusu, lijaze maji mpaka lifike kiwango, ndipo ufungue. Na ukishamaliza kumwaga, funga tena, urudishe ndani maji ya kutosha kufunika sakafu, ndoo moja ya lita ishirini inatosha kwa matanki mengi. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho, na kichuguu huanzia hapo, siku ile ya kwanza tanki likiwa kavu.

Kijana mmoja aliyekuwa akiendesha kempa ya kukodi alinibishia. "Shikamoo mama. Lakini si nimeshaunganisha? Tanki la nini tena?" Marahaba, nikamwambia, funga kwanza, mwanangu, halafu tubishane. Tukabishana. Hoja yake ilikuwa kwamba tanki lililojaa linanuka kuliko tanki tupu. Mtu akilisikia hilo analiona la kweli, lakini sivyo. Kinachonuka zaidi ni uchafu mkavu uliogandia kwenye kuta. Uchafu uliozama majini unanuka kidogo, na hewa yake ina bomba lake la kutokea juu ya paa. Tena kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui: kama feni ya paani inazunguka wakati unakanyaga pedeli, inavuta hewa ya tanki kupitia tundu la choo na kukuletea sebuleni. Zima feni, flashi, kisha washa. Malalamiko mengi ninayoletewa huishia hapo.

Tanki la pili, lile la maji ya sabuni kutoka kwenye sinki na bafu, lina ubishi zaidi. Wapo wanaoliacha wazi muda wote wanapokaa kambini, kwa kuwa ndani yake hakuna vitu vigumu, na familia ya watu wanne ikioga mara mbili kwa siku (na Kigoma utaoga mara mbili) linajaa haraka sana. Sina ugomvi mkubwa nao. Ila valvu ile ikiwa wazi, hakuna kinachozuia hewa ya shimo kupanda kwenye mpira mpaka ndani ya gari, isipokuwa yale maji machache yaliyotuama kwenye kona ya bomba chini ya sinki. Gari likitikiswa barabarani au likikaa siku kadhaa bila kutumika, maji yale hukauka au humwagika, na njia inakuwa wazi kwa harufu na kwa vijidudu vinavyoruka. Mimi nashauri ulifunge, ulifungue linapojaa, na usiku wa kuamkia siku ya kumwaga choo ulifunge kabisa likusanye maji. Kesho yake unaanza na choo, likiisha ndipo unafungulia la sabuni. Maji ya sabuni yanapita kwenye mpira uleule na kuuosha. Ukigeuza mpangilio huo utabaki na mpira uliojaa kinyesi na huna cha kuusafishia.

Na hapa kwetu lazima niseme juu ya mawese. Mgeni akila kwa mama ntilie anarudi anataka kujaribu mwenyewe, ananunua chupa sokoni, anakaanga dagaa, anaosha kikaango kwa maji ya moto na kumwaga sinkini. Mafuta ya mawese ni mepesi yakiwa moto, yakipoa yanaganda. Yanaganda ndani ya bomba la inchi moja na nusu lililojikunja chini ya gari, yananasa punje za wali na magamba ya samaki, na baada ya muda sinki halishuki. Futa kikaango na sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, karatasi itupe kwenye pipa la taka. Weka pia kichujio sinkini. Vitambaa vile vyenye unyevu vya kufutia watoto visiingie chooni hata kama pakiti imeandikwa kwamba vinaruhusiwa, haviyeyuki. Karatasi ya chooni iwe nyepesi. Kuipima ni rahisi: weka vipande viwili ndani ya chupa ya maji, tikisa, na kama havijasambaratika usiitumie kwenye kempa.

Viwanja vya Kigoma vimekaa kwenye miteremko, na hilo linaweza kukusaidia au kukuumiza. Kabla hujaweka vigingi, angalia gari lako linatolea upande gani. Kempa nyingi za Kimarekani hutolea kushoto. Egesha ili upande huo uwe chini kidogo, siyo sana hadi ulale umeteleza, na mpira ushuke mfululizo hadi kwenye chemba; sentimita mbili kwa kila mita zinatosha. Mpira ukining'inia katikati unakusanya maji yasiyoondoka, na siku ya kuuvua yatakuwa juu ya miguu yako. Utegemeze kwa mawe au vipande vya mbao. Ile ncha inayoingia kwenye chemba ifungwe na mpira wa kubana au ikandamizwe kwa jiwe zito, maana lita mia moja zikishuka kwa pamoja huupiga teke mpira ukaruka nje. Ukivaa glovu huna haja ya kujiona mwoga.

Taa za kuonyesha kiwango usiziamini sana. Ndani ya tanki kuna vichwa vidogo vya chuma vinavyosoma maji, na kipande cha karatasi kikivigandia taa itakuambia limejaa hata likiwa tupu. Chukua tochi, kanyaga pedeli, chungulia. Haipendezi, lakini tochi haidanganyi.

Sasa dawa za kutia tankini kuzuia harufu, jambo linaloniletea mimi hasara kuliko wewe. Mji wetu unategemea zaidi mashimo na matanki ya kuozeshea uchafu, na kambi yangu pia. Shimo la namna hiyo linafanya kazi kwa sababu lina bakteria wanaokula uchafu. Baadhi ya dawa za vyoo vya kempa, hasa zile za kizamani zenye formaldehaidi, zinazuia harufu kwa kuua bakteria. Zikimwagwa mfululizo kwenye shimo dogo, shimo linakufa: uchafu hauozi, unajaa, na gari la kunyonya maji taka linaitwa kabla ya wakati wake kwa gharama yangu. Ndiyo maana nauliza mgeni anatumia dawa gani kabla sijafunua chemba, na wengine wananiona mkorofi. Blichi nayo ni hivyo hivyo. Dawa za vimeng'enya au za bakteria hazina shida. Kwa maoni yangu, mtu anayetumia maji ya kutosha na kumwaga kwa wakati anahitaji dawa kidogo sana.

Magari yanayotoka Ulaya mengi hayana tanki kubwa la choo. Yana kaseti, sanduku la lita kumi na saba hadi ishirini linalochomolewa ubavuni na kubebwa kwa mkono. Watu wawili wanalijaza kwa siku mbili au tatu. Kwa hao habari ya valvu haiwahusu, ila ya dawa inawahusu zaidi, maana kiasi kilekile cha dawa kimo ndani ya maji machache. Kaseti humwagwa kwenye chemba au chooni, ikasuuzwa kwa bomba la pembeni. Haimwagwi kichakani wala haisuuzwi ziwani.

Nasema ziwani kwa kuwa nimeona watu wakielekea huko. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mgeni akiambiwa hivyo anadhani ndoo yake haiwezi kulifanya kitu. Lakini hakuna anayechota maji kwenye kina cha mita 1,470. Tunachota ufukweni, tunaogea ufukweni, dagaa wanaanikwa ufukweni. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi waliposongamana Kagunga, ukanda huuhuu wa ziwa, maelfu waliugua kipindupindu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa kuwa eneo la kulindwa, na mwenye kiwanja anayechimba shimo lake ndani ya mita hizo anajitafutia balaa mbili, ya serikali na ya majirani.

Kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara na madereva: maji ya sabuni si yanaweza kumwagilia migomba? Maji ya vyombo nyumbani kwangu yanaenda kwenye migomba, sitawadanganya. Lakini yale ni ya saa hiyohiyo. Maji yaliyolala kwenye tanki siku mbili katika joto hili yameshaoza, yana mafuta, yana uchafu wa kuogea, na yananuka kuliko unavyofikiri. Kambini kwangu yanaingia kwenye chemba, basi.

Kwa wenzangu mnaofikiria kufungua kambi: bomba la chemba liwe la inchi nne, lizungukwe na sakafu ya zege inayoteremkia ndani ili kilichomwagika kirudi shimoni, na liwe na mfuniko mzito ambao watoto hawawezi kuufungua. Weka bomba la kusuuzia hapo chembani, na la maji ya kunywa liwe mbali, mita kadhaa, upande wa juu. Mpira wa kusuuzia uwe wa rangi tofauti na usigusane na ule wa maji safi hata wakati wa kuhifadhi. Nimewahi kumkuta mgeni akijaza tanki la kunywa kwa mpira uliotoka kusuuza kaseti, na hakuona tatizo. Usiruhusu kempa tatu kumwaga kwa pamoja jioni moja, kwa sababu maji mengi yakiingia kwa kishindo yanavuruga tope lililotulia na kulisukuma kwenye shimo la kunyonyea, lile ambalo maji huzama udongoni, nalo likiziba hakuna dawa isipokuwa kuchimba jingine. Masika inapokolea udongo umeshiba na shimo hunyonya polepole, kwa hiyo liite gari la kunyonya maji taka kabla mvua hazijaanza, usisubiri shimo lifurike.

Na kama kichuguu tayari kimejengeka, usikichome kwa fimbo, utatoboa tanki au kuharibu vile vichwa vya chuma. Funga valvu, jaza tanki maji karibu yote na sabuni kidogo ya maji, liache usiku kucha. Asubuhi mwaga, uone kilichotoka. Huenda ukarudia mara mbili. Kikigoma kabisa, ondoka na maji nusu tanki, valvu imefungwa na kifuniko kimekazwa, uendeshe. Mpaka ufike Kasulu kwa zile kona na milima maji yatakuwa yamekipigapiga vya kutosha. Utakapofika tafuta chemba kwanza, chai baadaye.