Mgonjwa anakosa pumzi, oksijeni yake ni 95: je, mtungi utamsaidia?

Swali: Daktari, ninamuuguza baba yangu mwenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Akitoka chooni hurudi kitandani akihema, anasema anahisi kama anazama. Kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 95. Je, tumtafutie mtungi wa oksijeni? Tumetajiwa pia morfini, lakini ninaogopa itamzuia kupumua.

Jibu: Pole sana kwa kuuguza. Baba anaposema anazama, mwamini. Kipimo kile husoma oksijeni iliyomo kwenye damu, ilhali hisia ya kukosa pumzi huundwa na ubongo kutokana na taarifa za mapafu, za misuli ya kifua, za ngozi ya uso na hofu yenyewe, ndiyo maana namba na hisia mara nyingi haviendi pamoja.

Kuhusu mtungi, upo utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliowahusu wagonjwa 239 wa Australia, Marekani na Uingereza, ambao walikosa pumzi ingawa oksijeni ya damu yao haikuwa imeshuka sana. Kwa siku 7, baadhi walipewa oksijeni kwa mrija wa puani na wengine hewa ya kawaida kwa mrija kama huohuo, bila kujua wamepewa ipi. Makundi yote mawili yalipata nafuu kidogo, na oksijeni haikuishinda hewa. Kwa hiyo, kwa hali ya baba ilivyo sasa, nisingependa afungwe kwenye mrija unaokausha pua na mtungi ulio hatari karibu na moto. Namba ikishuka chini ya 90, daktari wake aamue upya.

Kinachosaidia kwa hakika zaidi ni upepo wenyewe. Mwaka huohuo, jaribio lingine lililinganisha feni ndogo ya mkononi ikielekezwa usoni na ikielekezwa mguuni kwa dakika 5, na upepo wa usoni ndio uliopunguza adha ya kuhema. Mketishe baba akiwa ameinama mbele kidogo, viwiko vikiwa juu ya mto, na feni iwe kama sentimita 15 kutoka usoni, upepo upite kwenye mashavu, pua na mdomo wa juu. Akiweza, aishike mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa aliye na njia ya kujisaidia mkononi mwake hapandwi na hofu upesi, na hofu ndiyo inayozidisha kuhema.

Morfini ni dawa iliyothibitika kwa maumivu makali ya saratani. Kwa kukosa pumzi ushahidi wake ni dhaifu zaidi, lakini dozi ndogo inayopandishwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari haizimi pumzi kama wengi wanavyohofu. Huleta choo kigumu karibu kila mara, hivyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile.

Kabla ya hayo yote, muulize daktari kama kuna chanzo kinachotibika: maji kwenye kifua, upungufu wa damu, nimonia au damu iliyoganda mapafuni. Kuhema kukizidi ghafla, au mguu mmoja ukivimba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri. Siku za kawaida, mwombe baba ataje ukali wa kuhema kwake kati ya 0 na 10, kabla ya feni na baada yake, uandike kwenye daftari. Daktari atazihitaji namba hizo kuliko ile ya kidoleni.