Jibu: Wekundu wa fataki unaogeuka matope

Dada, umeuliza kwa nini, katika picha unayochora kwa rangi za mafuta, maganda mekundu ya fataki ulizopanga mkekani yanatoka kama matope. Ni rangi nyeusi unayotilia kivuli. Iache, tia kijani kidogo mno kwenye nyekundu, kama punje ya mchele kwa kijiko cha chai. Tabaka la kwanza liwe jepesi, la tapentaini; mafuta ya kitani yaje juu, la sivyo rangi itapasuka. Chora saa mbili hadi saa nne asubuhi tu: jua la Lamu likipanda, vivuli vinahama. Na kwa kuwa picha ni kumbukumbu ya marehemu baba aliyekuletea fataki za Idi, utambi ambao haujawashwa ndio wa kupewa subira, nyuzi zake zilizosokotwa na ncha iliyochanguka. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huweza kuwaka vyenyewe, kwa hiyo tumia maganda matupu, yasiyo na baruti.